Kufungasha na Kubeba Vifaa vya Kurina Asali Mtini

Kurina asali mtini ni kazi ya mikono miwili inayofanywa na mtu ambaye mkono wake mmoja tayari una kazi ya kumshikilia asianguke. Katika nyanda za kati za Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Chemba, Bahi, Manyoni na Itigi, mizinga ya magogo bado hutundikwa juu ya miti, mita nne, sita, pengine hata kumi kutoka chini. Siafu huvamia mzinga ulio karibu na ardhi, moto wa kiangazi hupita chini kwa chini, na mwizi huanza na kile anachokifikia. Nyegere ana tabia yake: hupanda miti bila shida, na ndiyo maana mzinga unaoning'inia kwa kulabu kwenye tawi huwa salama kuliko uliolazwa kwenye panda ya mti. Lakini mzinga unaomsumbua nyegere humsumbua pia mwenye mzinga.

Ushauri mwingi kwa wafugaji wa nyuki huhusu mzinga, malisho na soko. Jinsi ya kufungasha vifaa, kuvibeba porini na kuvifikisha juu ya mti bila kumlemea anayepanda huachwa kila mtu ajipangie mwenyewe. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kwenda kurina: panga limesahaulika chini, bomba la moshi limezimika nusu ya mti, ndoo imejaa asali lakini hakuna kamba ya kuishushia, na aliyeko juu anaanza kufanya maamuzi mabaya kwa sababu nyuki wamekwisha kuchokozeka.

Ardhi yenyewe ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya mzigo. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki makorongo ni makavu, na maji ya kunywa, ya kunawa asali mikononi na ya kuzimia moto lazima yatoke nyumbani. Miti nayo haifanani. Mgunga una miiba inayochana vazi la kujikinga na kunasa kila kamba inayoning'inia. Mbuyu una shina nene lisilokumbatika, na matawi yake ya kwanza huanzia juu. Kwenye miombo ya Manyoni, miti kama mninga na mtundu hupandika vizuri zaidi, ila mwendo wa kuifikia ni mrefu. Vichaka vya Itigi ni jambo jingine kabisa: miti yake ni mifupi lakini imesongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa kuinama, na mzigo wowote uliochomoza pembeni ya mwili huvutwa nyuma kila hatua. Huko begi jembamba la mgongoni hufaa kuliko ndoo ya kichwani, na shoka lisilovikwa ala ni hatari kwa mbebaji na kwa anayemfuata.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nyanda hizi, wana jibu la zamani kwa tatizo la mbuyu. Mrina huchonga vigingi vya mti mgumu, huvipigilia kwenye shina kwa shoka kimoja baada ya kingine, na kupanda juu yake huku akiendelea kupigilia kinachofuata. Mbuyu huruhusu hilo kwa sababu mti wake ni laini. Kinachostahili kuigwa na mtu yeyote, hata asiyepanda mibuyu, ni uchache wa mzigo wao. Shoka moja hupigilia vigingi na kupanua tundu la nyuki. Mwenge wa moshi huwashwa kwa moto uliopekechwa papo hapo. Vigingi hukatwa porini. Mara nyingi hata njia ya kwenda mtini haitafutwi kwa kutangatanga, kwani ndege mlembe huwaongoza watu hadi kwenye kundi la nyuki naye hubaki kula nta. Mfugaji wa mizinga ya kutundika hawezi kwenda mwepesi kiasi hicho, kwa kuwa anatafuta asali safi ya kuuza wala si ya kulia chini ya mti. Hata hivyo kila kifaa kinachoongezwa kinapaswa kujibu swali la kazi yake.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mwili wa anayepanda hubeba vile tu vinavyomshikilia mtini na vinavyomlinda dhidi ya nyuki. Vingine vyote hupanda kwa kamba baada yake. Ndoo, panga, patasi, bomba la moshi na brashi havina sababu ya kuning'inia kiunoni mwa mtu anayetafuta pa kuweka mguu. Panga lililochomekwa mkandani bila ala ndilo baya kuliko yote. Mtu akiteleza hata nusu mita, lina nafasi ya kumkata paja au kukata kamba anayoitegemea.

Kuhusu kinachomshikilia mtini, kuna la kujifunza kwa watu wa kazi nyingine. Mafundi wa nguzo za umeme hujifunga mkanda wa kiunoni na kuzungusha kamba kwenye nguzo ili mikono yote miwili iwe huru. Wawindaji wa Marekani wanaovizia wanyama kutoka juu ya miti wameendeleza wazo hilo hilo: huvaa mkanda mpana wa kukalia unaoshika nyonga na mapaja, hupanda wakiwa wamezungusha kamba moja kwenye shina, na wakifika juu hufunga kamba ya pili juu ya kichwa, kisha hukaa ndani ya mkanda huku miguu imeegemea mti. Uzuri wa mpango huo kwa mrina asali ni kamba mbili. Anapofika kwenye tawi linalomzuia kuendelea, hufunga ya pili juu ya tawi kabla ya kufungua ya kwanza, na hivyo hapitishi hata dakika moja bila kufungwa. Mwenye kamba moja hulazimika kuifungua kila anapokutana na tawi, yaani pale ambapo mti ni mgumu zaidi kushikika.

Mkanda wa namna hiyo haupatikani kila duka la pembejeo. Mikanda ya usalama inayouzwa kwa wajenzi na mafundi wa minara hufaa, mradi ina vitanzi vya mapaja na pete za chuma za mbele au za pembeni. Mkanda wa suruali, kitenge kilichosokotwa au kamba ya katani iliyofungwa tumboni si mbadala. Mtu akianguka, nguvu yote huishia kwenye mbavu na tumbo. Mkanda huvaliwa nje ya vazi la kujikinga, kwani ukivaliwa ndani pete zake hazifikiki bila kufungua zipu, na zipu ikifunguliwa nyuki wameingia.

Kamba ya kumshikilia mtu isipungue unene wa milimita 10 au 11, tena iwe ya nailoni au poliesta iliyotengenezwa kubeba uzito. Katani ni kamba nzuri ya kufungia mzigo, na nchi hii imeilima kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini huoza ikilowa na kuhifadhiwa bila kukauka, na uozo huanzia ndani ambako macho hayafiki. Kamba za plastiki za rangi zinazouzwa kwa bei rahisi minadani huharibiwa na jua na huyeyuka zikisuguana. Zisitegemewe kubeba mtu. Ikumbukwe pia kwamba kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au hata zaidi, kwa hiyo kamba yenye mafundo manne yasiyo na kazi imekwisha dhoofishwa kabla ya safari. Kamba ya kuzunguka mti huwekewa fundo la Prusik, la kamba nyembamba ya milimita 6 hadi 8 iliyozungushwa mara tatu juu ya ile nene. Fundo hili husogezwa kwa mkono ili kurefusha au kufupisha kamba, na hukaza lenyewe uzito unapolivuta. Hujifunzwa chini, kwenye mti wa uani, hadi mikono iweze kulifunga ikiwa ndani ya glovu.

Kamba ya tatu ni ya vifaa, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi kuliko zote. Unene wa milimita 8 unatosha, mradi nayo ni nailoni au poliesta ya kubeba uzito, na urefu uwe mara mbili ya kimo cha mzinga na mita chache za ziada. Mzinga ulio mita 8 juu unahitaji kamba ya mita 20 hivi. Anayepanda huenda na ncha moja tu, imefungwa nyuma ya mkanda wake. Akisha kujifunga juu, huipitisha kamba kwenye panda imara au kwenye kapi ndogo iliyoning'inizwa kwa karabina (pete ya chuma inayofunguka na kujifunga), na kuanzia hapo anayevuta ni mtu wa chini. Kamba hii iwe na rangi tofauti na ile ya kujifungia. Hilo laonekana dogo hadi jioni, moshi ukiwa machoni na wavu usoni, mtu anapotakiwa kujua kamba ipi ya kufungua.

Hesabu ya ndoo nayo ifanywe mapema. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ikijaa hufika kilo 28. Mzigo huo ukiwa juu ya kichwa cha mwenzio ni silaha. Ndoo ndogo za lita 10 zenye mfuniko wa kubana ni bora: hazizidi kilo 14 zikijaa, hushuka haraka, na zikigonga tawi hazimwagi. Mpini wa ndoo za plastiki hauaminiki hata kidogo, kwa hiyo ndoo huwekwa ndani ya mfuko wa turubai au wavu wa kamba na kuvutwa kwa mfuko huo. Ndoo ya masega yaliyofungwa na ya masega yenye chavua au majana zisichanganywe, na njia rahisi ya kuhakikisha hilo juu ya mti ni mifuniko ya rangi mbili. Asali ambayo haijafungwa na nta huwa bado na maji mengi na huchachuka. Heri ibaki mzingani kuliko kuingia ndoo safi na kuiharibu yote.

Wako wanaoshusha mzinga mzima badala ya kurina juu, na penye tawi imara na watu wa kutosha hiyo ndiyo njia ya busara. Gogo hufungwa kamba sehemu mbili ili lisipinduke, hutolewa kwenye kulabu, na hushushwa polepole huku kamba imezungushwa mara moja au mbili kwenye shina la chini ili msuguano ubebe sehemu ya uzito. Hapo vifaa vya juu hupungua hadi kamba na bomba la moshi tu, na kazi ya kukata masega hufanyika miguu ikiwa ardhini.

Moshi una mzigo wake. Bomba la moshi hufungashwa peke yake, mbali na nguo na ndoo, kwa sababu ya masizi na joto. Kinachochomwa kiwe kikavu na cha asili: kinyesi cha ng'ombe, magunzi ya mahindi, magome yaliyooza. Plastiki, mpira na vitambaa vilivyolowa mafuta huacha harufu kwenye asali, na mnunuzi huitambua. Vifungashwe vya kutosha kwa saa nzima, ndani ya mfuko wa salfeti uliofungwa mdomo, na viberiti viwe viwili, kimoja kwa kila mtu. Mwenge wa nyasi ni mwepesi kubeba, lakini cheche zake huanguka kwenye majani makavu, na upepo wa kiangazi katika uwanda huu hauhitaji msaada mkubwa. Pale mwenge unapotumika, dumu la maji la lita 5 likae chini ya mti, pembeni ya eneo lililofyekwa, wala lisinywewe na mtu hadi kazi iishe.

Vazi la kujikinga hufungashwa juu kabisa ya begi kwa kuwa ndilo la kwanza kuvaliwa, mita 50 hivi kabla ya kufika mtini. Wavu wa kofia usikunjwe kwa kukandamizwa. Hata tundu dogo kwenye wavu ni hatari, maana nyuki huingia na hashindwi kumfikia mtu. Gambuti hulinda miguu chini, lakini hazishiki gome. Anayepanda huhitaji viatu vya kufunga kamba vyenye soli laini, na suruali iliyofungwa vifundoni kwa mpira wa tairi la baiskeli. Glovu za ngozi laini ni bora kuliko zile nene za kazi ya ujenzi, ambazo haziruhusu kufunga fundo. Tochi ya kichwani iwe na mwanga mwekundu au ifunikwe kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga. Nyuki haoni rangi hiyo, ilhali mwanga mweupe humvuta moja kwa moja usoni mwa mtu.

Wengi hurina jioni kuelekea usiku, na mpango huo una mantiki: hewa imepoa na nyuki hawaruki sana, ingawa hutambaa. Gharama yake ni kwamba kila kitu lazima kipatikane kwa kupapasa. Hapa ndipo mpangilio wa begi unapolipa. Vifaa vigawanywe katika mifuko mitatu kulingana na wakati wa kutumika: wa kwanza una vya kuvaa, wa pili una vya kupandia, wa tatu una vya kurinia. Kila mfuko ufunguliwe kazi yake inapofika, na kilichotoka kirudi pale pale. Chini ya mti hutandikwa turubai la rangi nyeupe au njano, na vifaa hupangwa juu yake kwa mfuatano wa kupanda: bomba la moshi, patasi, brashi, kisu, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Vidogo vyote hufungwa uzi mrefu wenye kitanzi ili vikiponyoka mkononi vibaki vinaning'inia. Kabla mtu hajaacha ardhi, mwenzake huvitaja kimoja kimoja kwa sauti, na huyu hugusa kila pete na kila fundo. Zoezi hilo halichukui dakika mbili. Watu wazoefu hulidharau, nao ndio wapandao miti mingi zaidi.

Safari ya kwenda na kurudi haina chombo kimoja kinachofaa wote. Punda, aliyezoeleka sana Ugogoni na Kondoa, hubeba ndoo nne bila taabu akiwekewa shogi zenye uzito sawa pande zote mbili, ila asifungwe karibu na mti wa mzinga. Nyuki walioghadhibika humrukia mnyama aliyefungwa na wanaweza kumuua. Mahali pake ni umbali wa mita 200 au zaidi, upande upepo unakotoka. Baiskeli hubeba vizuri ikipangwa na vitu vizito chini na katikati, na huweza kusukumwa pale njia inapokwisha. Pikipiki ni ya haraka, lakini mtikisiko wake hupasua masega na kumwaga asali ndani ya ndoo iliyolegea mfuniko. Ndoo zifungwe zikiwa wima, zikiwa zimewekewa nguo au majani kati yake. Petroli na asali visisafiri katika mfuko mmoja, wala kamba isifungwe karibu na betri, kwani tindikali huila nailoni bila kuacha alama.

Watu wawili ndio kima cha chini. Watatu ni bora. Wakubaliane maneno mafupi kabla ya kuanza: "vuta", "shusha", "simama". Anayebaki chini huvaa vazi kamili sawa na wa juu, asikae chini ya ndoo inayoning'inia, na simu yake iwe na chaji. Mfuko mdogo wa huduma ya kwanza ukae kwake: bandeji, kitambaa safi, maji ya kunywa, na dawa za mzio alizoandikiwa na daktari mtu anayejijua kuwa mwili wake huvimba vibaya akiumwa. Mtu huyo, kwa kweli, hapaswi kupanda kabisa. Mwiba wa nyuki hukwanguliwa mara moja kwa kucha au ukingo wa kisu, kwa sababu huendelea kusukuma sumu, na hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine mahali hapo hapo. Ndizi zisiwemo kwenye chakula cha safari. Anayepungukiwa pumzi, kuvimba uso au kuzirai anahitaji kituo cha afya bila kusubiri. Mtu aliyezirai akiwa ananing'inia kwenye mkanda ashushwe haraka, kwani kuning'inia bila kusogea huzuia damu kurudi kutoka miguuni, na dakika chache tu zinaweza kumdhuru. Ndiyo sababu kamba ya vifaa iwe imara kiasi cha kumshusha mtu, na mtu wa chini ajue jinsi ya kuizungusha kwenye shina.

Ndani ya misitu ya hifadhi, ikiwemo hifadhi ya nyuki ya Aghondi wilayani Manyoni, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ni sehemu ya vifaa vya safari, na kikae mfukoni mwa mtu wa chini. Mtu aliyekutwa na panga, shoka na moto usiku bila karatasi hueleweka kwa shida.

Baada ya kazi, mavazi hufuliwa ili harufu ya miiba isiwachokoze nyuki safari ijayo. Vyombo vyenye asali huoshwa mbali na mizinga. Kamba husuuzwa kwa maji matupu, hukaushwa kivulini, hukunjwa bila mafundo na kutundikwa ndani, mahali panya hawafiki. Kabla ya msimu hupapaswa urefu wote kwa mkono mtupu: penye ugumu, wembamba, nyuzi zilizokatika au alama ya kuungua, kamba hiyo haibebi tena mtu. Ikatwe vipande vifupi vya kufungia mizigo siku hiyo hiyo, kwa sababu kamba ndefu ikibaki nyumbani ikiwa nzima machoni, ipo siku mtu mwingine wa familia ataichukua na kwenda kupanda nayo.